Gari linapochemsha: dhana potofu zinazoua injini, na ukweli wake

"Toa thamostati, gari halitachemsha tena."

Huu ndio ushauri unaosikika sana kwenye gereji za mitaani, na umeua injini nyingi kimyakimya. Thamostati ni vali inayoendeshwa na nta. Injini ikiwa baridi, vali inafunga njia ya kwenda kwenye rejeta. Maji yakifika kama nyuzi 82, nta inavimba na kuifungua. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, na kuta za silinda zinalika upesi.

Kwenye Toyota nyingi madhara yanazidi hapo. Thamostati yake ina kisahani cha pili kwa chini, kinachoziba njia ya mkato wakati ile ya rejeta inapofunguka. Isipokuwepo, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mjini gari linaonekana zima. Lipandishe mlima na mzigo, linachemsha.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Bana uzi kwenye mdomo wa vali, ining'inize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa jiko. Vali ikianza kufunguka uzi unaachia na thamostati inazama. Joto la wakati huo liwe karibu na namba iliyogongwa juu yake. Yenye namba 82, ikifika nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikishindwa, nunua mpya pamoja na mpira wake. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu, ndipo hewa ipate pa kutokea.

"Kifuniko cha rejeta ni kifuniko tu, chochote kinachoingia kinafaa."

Hapana. Kifuniko ndicho kinachoshikilia presha, na presha ndiyo inayochelewesha maji kuchemka. Maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, lakini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwa nyuzi 94 hivi. Feni za magari mengi zinaanza kuzunguka kati ya nyuzi 93 na 96. Hesabu ni rahisi: kifuniko kikilegea, gari la Nairobi linaweza kuchemsha kabla feni haijaanza kazi. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 kinapandisha kiwango hicho hadi nyuzi 115 hivi Nairobi, na 119 hivi pwani. Kigeuze uangalie mpira wa chini: ukiwa na ufa, umekauka au umejikunja, kibadilishe kwa kingine chenye namba ileile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua mipira ya rejeta, yaani mabomba yanayopitisha maji.

"Likichemsha, hiyo ni gasketi ya hedi."

Gasketi hiyo ndiyo inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku. Wengi wamefungua hedi kwa sababu ya fyuzi ya feni tu. Kabla ya kununua kitu, jiulize linachemsha lini. Kama ni kwenye foleni tu, na ukipata mwendo joto linashuka, shida ni feni. Washa kiyoyozi; kwenye magari mengi feni inapaswa kuzunguka papo hapo. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha relei (swichi ya umeme inayowasha feni), kisha mota. Ikizunguka, shika karatasi mbele ya grili: inapaswa kuvutwa ndani. Ikipeperushwa mbali, waya za mota zimefungwa kinyume. Kama linachemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, shuku rejeta iliyoziba, thamostati isiyofunguka vizuri, au wota pampu. Mara nyingine ni matope na wadudu waliojaa kati ya kondensa (ile rejeta ndogo ya kiyoyozi) na rejeta. Yasukume kwa maji ya bomba yenye presha ndogo, kutokea upande wa injini kwenda nje.

Gasketi ina dalili zake. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha asubuhi, mapovu hayaishi kwenye mdomo wa rejeta, oili inakuwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito unaendelea kutoka hata injini ikishapata moto.

"Geji imeshuka yenyewe, tuendelee na safari."

Hii ni hatari kubwa. Kihisi cha joto kinapima sawasawa kikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki hewani, na mshale unaweza kurudi katikati wakati hedi inaungua. Kama hita inapuliza hewa baridi ilhali injini ina moto, zima gari. Usilimwagie maji baridi: hedi ya aluminiamu inapinda. Subiri nusu saa hadi saa nzima, mpaka uweze kuushika mpira wa juu na kuubonyeza bila shida, ndipo ufungue kifuniko, ukitumia kitambaa.

Kuhusu bizari na ute wa yai wa kuziba rejeta inayovuja: vinaziba pia mirija myembamba isiyovuja. Peleka rejeta ikachomelewe, au ibadilishe.

"Kulanti nyekundu au kijani, muhimu rangi zifanane."

Kulanti ni dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, na rangi yake ni nakshi tu ya kiwandani. Soma aina iliyoandikwa kwenye galoni na ilinganishe na kitabu cha gari. Maji ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi, yanaacha ukoko ndani ya rejeta. Gari dogo kama Vitz linachukua lita 4 hadi 5 hivi, kutegemea injini: nusu kulanti isiyochanganywa na nusu maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri. Uliza vizuri dukani, usije ukapewa asidi.

Kujaza nako kuna utaratibu. Egesha pua ya gari ikitazama juu kidogo, weka hita kwenye moto wa mwisho, mimina polepole huku ukiminya mpira wa juu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza kadiri maji yanavyoshuka, na yakianza kupanda funga. Acha feni iwake na kuzima mara mbili. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua tena: kama yamepungua, jazia hadi mdomoni, na tanki la akiba lifike kati ya alama mbili. Yakiendelea kupungua siku ya tatu, tandika boksi jeupe chini ya gari usiku na utafute tone linaangukia wapi.