Shahada Ipi kwa Anayetaka Kufanya Utafiti wa Tiba?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana waliosoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) na CBG (kemia, biolojia na jiografia) huniuliza kama kukosa nafasi ya udaktari wa binadamu ndiyo mwisho wa ndoto ya utafiti wa tiba. Sivyo hata kidogo, na naamini wengi wao wangefika maabara mapema zaidi kwa njia nyingine. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi wa artemisini, ambayo dawa zitokanazo nayo zimo katika dawa mseto ya malaria tunayoitumia hapa nchini, alisomea famasia. Katalin Karikó, aliyeipata mwaka 2023 kwa kazi iliyowezesha chanjo za mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini), alianza na shahada ya biolojia.

Kwa aliyeko Dar es Salaam, uamuzi mara nyingi huwa kati ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na Muhimbili (chuo kikuu cha afya). Shahada ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia ya Mlimani humpa mwanafunzi msingi wa kina wa vinasaba na protini. Ile ya sayansi ya maabara ya Muhimbili inamwandaa kupima sampuli za wagonjwa na kusajiliwa kitaaluma, hivyo anaweza kuajiriwa hospitalini huku akitafuta nafasi ya utafiti, jambo lenye uzito mkubwa kwa kijana ambaye familia inamtegemea.

Hata hivyo, jina la shahada halinishughulishi kama vitendo na takwimu. Chukua kazi ya kawaida ya malaria: tone la damu ya kidole lililokaushwa kwenye karatasi chujio hukatwa kipande kidogo, vinasaba vikatolewa, kisha mashine ya PCR ikavizidisha hadi vya kimelea vionekane. Pembeni ya sampuli huwekwa mrija mdogo wenye maji safi matupu, na huo ukionyesha kimelea, tunajua kuna uchafuzi mahali fulani na matokeo yote ya siku hiyo hayaaminiki. Uangalifu wa namna hii hujengwa kwa kushika pipeti (kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika) mara nyingi, wala haukaririwi darasani. Takwimu nazo, ambazo wanafunzi wa biolojia huzikwepa kwa bidii ya kushangaza, ndizo zinazoamua sampuli ngapi zinatosha kabla mtu hajamchoma yeyote kidole.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza maombi ya udahili, soma orodha ya masomo ya kila mwaka na uwaulize wanafunzi walioko huko: je, takwimu inafundishwa kwa data halisi? Mradi wa mwaka wa mwisho unafanyika maabara au unaishia maktaba? Msimamizi ana utafiti unaoendelea? Mradi unaohusu sampuli za binadamu unahitaji pia kibali cha maadili ya utafiti, na kukipata huchukua muda, kwa hiyo mwanafunzi anayeutamani aanze kuzungumza na msimamizi wake akiwa bado mwaka wa pili.