Sasteini ya gitaa, na kwa nini daraja la tremolo huila

"Ami, sauti yafa mbio." Ndivyo alivyoniambia kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliponiletea gitaa lake la umeme lenye umbo la Stratocaster, lile gitaa maarufu la kampuni ya Fender. Alitaka nimwongezee sasteini, kana kwamba ni mafuta ya kutiwa kwenye taa. Haiongezwi. Sasteini ni muda ambao uzi huendelea kulia baada ya kupigwa, na uzi hauna nguvu nyingine ila ile uliyopewa na kidole mara ya kwanza. Tangu hapo ni kupoteza tu. Kazi ya fundi ni kutafuta panapovuja.

Aliyezoea udi atanielewa upesi. Uzi wa udi hulia kidogo ukanyamaza, ndiyo maana mpiga taarab akitaka noti moja ikae, huirudiarudia kwa risha mbio mbio. Huo si ubovu wa udi. Uso wake ni ubao mwembamba uliokusudiwa kuchukua nguvu ya uzi na kuimwaga hewani ili walio nyuma nao wasikie, na kinachomwagwa kwa wingi huisha mapema. Gitaa hili mwili wake ni gogo lisilo na tumbo. Anayesikiliza uzi ni pikapu (si ile gari), yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, zinazohisi chuma kikitikisika mbele yake na kuugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Mbao haina haja ya kupaza sauti. Ikitulia, uzi unabaki na mali yake.

Sasa hilo daraja, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi upande wa mwilini. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954, mtengenezaji wake, Leo Fender, aliipa daraja linaloinama, lenye mkono wa kushusha na kupandisha sauti, akaliita tremolo. Jina limeganda ingawa si lake: tremolo kwa wanamuziki ni sauti kuzidi na kupungua nguvu kwa haraka, au ule urudiaji wa risha niliousema. Sauti kupanda na kushuka huitwa vibrato. La kuchekesha ni kwamba kwenye ampu zake (mashine za kukuza sauti ya gitaa) Fender alikosea upande wa pili, akaita vibrato kile ambacho ni tremolo hasa.

Ligeuze gitaa, ufungue kile kifuniko cha plastiki. Utaona springi, tatu hadi tano, zimeng'ang'ania bloki nzito iliyo chini ya daraja, na upande wa pili zimenasa kwenye bamba lenye makucha, lililoshikwa na skrubu mbili ndefu. Nyuzi sita za seti ya namba kumi (ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010), zikishakazwa kwa sauti yake, huvuta kwa jumla kama uzito wa kilo 45 hivi. Springi huvuta kinyume. Daraja linabaki katikati kama mashua iliyofungwa omo na tezi: haiendi popote, lakini haitulii. Uzi ukitikisika, nalo hujongea kiasi ambacho jicho halioni, springi zikaitikia, na sehemu ya nguvu ikaishia huko. Mwambie mtu apige, wewe uziguse springi kwa kidole. Utazisikia zikiimba wimbo usiokuwa na faida kwako.

Anayetumia mkono kushusha tu, alilaze daraja. Kaza zile skrubu mbili kwa bisibisi, kidogo kidogo, ukirudisha nyuzi kwenye sauti yake kila mara, mpaka bamba la daraja likalie mwili wa gitaa. Hapo mtikisiko unakutana na mbao na haupotei ovyo. Asiyeutaka mkono kabisa atie kabari kati ya bloki na ukuta wa tundu lake. Mpiga gitaa Eric Clapton anajulikana kwa kufanya hivyo. Kwetu kabari si tatizo, karakana za wachonga milango hazikosi kipande cha msaji au mbambakofi. Kiwe kimekwanguliwa sawasawa, kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba na si kwa nyundo. Faida nyingine utaijua harusini: uzi mmoja ukikatika, tano zilizobaki hazipandi sauti zote kwa pamoja ukaaibika mbele ya watu.

Bloki yenyewe nayo ina neno. Ya chuma cha pua au chuma cha kawaida ni nzito, na kizito hakisukumwi kirahisi na uzi. Magitaa mengi ya bei nafuu yana bloki nyembamba ya zinki ya kumiminwa. Kubadilisha husaidia, ila si muujiza, na mimi nisingetoa pesa kabla ya kuangalia pikapu.

Kwa sababu watu huzipandisha pikapu juu wakitafuta sauti kubwa, na ile sumaku huanza kuuvuta uzi. Uzi wa chuma ukivutwa hivyo hufa mapema, na ule mnene hutoa sauti mbili zinazogombana ukibonyeza freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) zilizo karibu na mwili wa gitaa. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha upime nafasi kati yake na sumaku: milimita 2.4 kwa uzi mnene na 2 kwa mwembamba ni pa kuanzia pazuri.

Toni, yaani rangi ya sauti, ni habari ya karibu na hiyo. Katika mlio mmoja mna sauti nyembamba nyingi juu ya ile nene, na hizo nyembamba ndizo zinazotangulia kufa. Chumvi ya hapa huziua kabla hujapiga: uzi uliolamba kutu hulia kama umefungwa kitambaa. Futa nyuzi kila ukimaliza, na vile vijiskrubu vya daraja vitie tone la mafuta ya cherehani kabla havijagandana.

Gitaa la yule kijana lilikuwa na pikapu zilizokaribia kugusa nyuzi. Nilizishusha, sauti ikakaa. Kabari aliikataa, kwa kuwa anapenda kuivuta noti juu kidogo kama waimbaji wanavyofanya, basi daraja tukaliacha lielee, tukaongeza springi mbili na kulegeza makucha mpaka mizani ikarudi. Analalamika kuwa mkono umekuwa mzito.