Kibofu si mfuko wa mpira

Wazee wengi wenye tezi dume iliyovimba huambiana hivi: "Mkojo ukiziba, ngoja tu, siku njia ikizibuliwa, kibofu kitarudi kama zamani." Si kweli, na kungoja huko kunaumiza watu.

Kibofu ni msuli ulio hai. Njia ikibana, hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na seli zake huhisi mvutano huo. Ndani yake jeni zinazotengeneza protini za ukuaji huwashwa, seli za misuli hunenepa na ukuta huwa mzito. Mwanzoni hilo husaidia. Lakini kila kibofu kinapojikaza kwa shinikizo kubwa, mishipa ya damu iliyo ukutani hubanwa na oksijeni hupungua. Seli zenye njaa ya oksijeni, pamoja na zile zilizovutwa mno, hutoa ishara za kemikali, mojawapo ikiitwa TGF-beta, inayoamuru kolajeni itengenezwe kwa wingi. Kolajeni ndiyo malighafi ya kovu. Ikijaa katikati ya misuli, kibofu hukakamaa.

Neva nazo hubadilika. Protini inayozikuza huongezeka, na ndiyo sababu mojawapo ya mtu kuamka mara nne usiku ilhali mkojo ni kidogo.

Upasuaji huondoa kizuizi, na unene wa misuli huweza kupungua. Kovu ni jambo jingine: likishakomaa, mara nyingi hubaki. Kwa hiyo mkojo ukianza kutoka kwa kusuasua, nenda ukapimwe mapema.