Kazini hakuna friji wala maikrowevu: yanayosemwa kuhusu chakula cha kubeba, na ukweli wake

Ushauri kuhusu chakula cha kubeba kazini huwa umegawanyika pande mbili. Wapo wanaosema beba chochote, tumbo limeshazoea. Wapo wanaosema bila friji usithubutu kubeba kitu, nunua biskuti. Wa kwanza wanahatarisha afya kwa siku moja, wa pili wanaihatarisha kwa miaka. Mtu anayefanya kazi kutwa nzima anastahili mlo kamili mchana, na mlo huo unawezekana mahali pasipo hata soketi ya umeme, mradi tuachane na mambo kadhaa tunayoyaamini bila kuyachunguza.

“Nitakinusa, nitajua kama kimeharibika”

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalotumika kuamulia mengine yote. Vijidudu vinavyochachusha chakula na kukipa harufu au utelezi mara nyingi si vile vinavyomlaza mtu kitandani. Wali wenye bakteria wa kutosha kukutapisha mchana kutwa unaweza kunukia vizuri kabisa.

Vitu viwili tu ndivyo vya kuangalia: joto na muda. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, bakteria huzaana. Mazingira yakiwafaa, baadhi yao hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, bakteria mmoja wa saa 12 asubuhi anaweza kuwa zaidi ya 260,000 ikifika saa 6 mchana. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa chakula wanasema chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo la katikati zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32, isizidi saa moja. Hesabu inaanza chakula kinapopoa kupita nyuzi 60, si unapofunga mlango wa nyumba kwenda kazini. Wengi hukosea hapo: wanahesabu safari na kusahau saa ambazo sufuria ilikaa jikoni.

“Kiporo kikichemshwa asubuhi kinakuwa salama”

Chakula kimepikwa jioni, sufuria imefunikwa na kuachwa juu ya jiko hadi alfajiri. Asubuhi kinachemshwa vizuri, kinatiwa kwenye chombo, safari inaanza. Kinaonekana salama kwa sababu kimepita kwenye moto mara mbili.

Tatizo ni kwamba moto huua bakteria, lakini hauondoi kila walichokiacha. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayependa wali na tambi, hujihifadhi katika umbo gumu liitwalo spora, na spora huvumilia kuchemshwa. Sufuria inapopoa polepole usiku, spora huamka na bakteria huanza kuzaana. Baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na maji yanayochemka. Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya njema, naye huacha sumu inayostahimili kuchemshwa. Sufuria kubwa za nyama na mchuzi mzito zina mdudu wao, Clostridium perfringens, ambaye hufurahia vuguvugu la sufuria inayochelewa kupoa.

Kwa hiyo usalama wa chakula cha mchana huamuliwa usiku, mara tu baada ya kupika. Gawa chakula kwenye vyombo vya kina kifupi, sentimita tano hivi, kisha kitie kwenye friji ya nyumbani kabla ya saa mbili kupita. Si lazima kipoe kabisa kwanza. Ile imani kwamba chakula cha moto kikiingia kwenye friji huharibika imewafanya watu wengi wakiache nje usiku kucha, na huko nje ndiko kinakoharibikia. Asubuhi kichemshe mpaka kitoe mvuke kila mahali, si pembezoni tu.

Na kama nyumbani pia hakuna friji? Pika asubuhi, au beba vyakula visivyohitaji baridi. Kwa wali, nyama au maharage yaliyolala nje usiku, sina njia ya tatu ya kukupa, na sitaki kukudanganya kwamba ipo.

“Hotipoti yoyote huweka moto hadi mchana”

Hotipoti nyingi zenye mdomo mpana zimetengenezwa kwa ajili ya mezani, chakula kisubiri walaji kwa muda mfupi. Kwa saa tano au sita, unahitaji chupa ya chakula yenye kuta mbili na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, katikati, aina ile ile ya chupa ya chai ila yenye mdomo wa kupitisha kijiko. Ombwe huzuia joto kuvuka vizuri zaidi kuliko povu linalojazwa katika kuta za vyombo vingine.

Hata hiyo chupa haifanyi kazi peke yake. Ijaze maji yanayochemka, funga, iache dakika tano hadi kumi, mwaga, kisha tia chakula kikiwa bado kinatokota. Ukitia chakula kwenye chupa baridi, joto la kwanza kabisa huishia kwenye kuta zake. Ijaze hadi karibu na mdomo, maana nafasi tupu hula joto. Maharage, supu na mchuzi hukaa moto muda mrefu kuliko wali mkavu uliotawanyika. Na usiifungue saa 4 kuchungulia.

Kabla ya kuiamini, ipime siku ya mapumziko: tia maji yanayochemka asubuhi, yapime kwa kipimajoto saa utakayokula. Yakiwa chini ya nyuzi 60, chupa hiyo ni ya safari fupi.

Chupa hii hutunza baridi pia, na kwa kweli ilianzia huko. James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti, aliibuni mwaka 1892 ili kuhifadhi vimiminika vya baridi kali. Mtindi ulioingia ukiwa baridi, ndani ya chupa iliyopozwa kwanza kwa maji ya barafu, unabebeka vizuri.

“Bila friji hakuna cha kubeba ila biskuti na soda”

Hapa ndipo afya za watu zinapopotelea kimyakimya, na kinachoniuma ni kwamba orodha ya vyakula visivyodai friji wala moto ni ndefu. Matunda mazima: ndizi, machungwa, tufaha, parachichi la kukata wakati wa kula. Karoti na matango mazima yaliyooshwa na kukaushwa. Karanga, korosho, lozi, mbegu za maboga. Siagi ya karanga na mkate wa ngano isiyokobolewa. Jibini ngumu kwa saa chache. Maziwa ya pakiti yanayokaa bila friji, yafunguliwe pale pale. Samaki wa kopo na maharage ya kopo, nayo yafunguliwe saa ya kula.

Vya kopo vina sifa mbaya kuliko vinavyostahili. Samaki wa kopo bado ana protini yake, na akiliwa na mifupa yake laini hutoa kalisi. Cha kuangaliwa ni chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Maharage ya kopo yakimwagwa maji yake na kusuuzwa, sehemu nzuri ya chumvi huondoka.

Ukipanga, nusu ya mlo iwe mboga na matunda, robo nafaka, robo chenye protini. Kopo la samaki, mkate, karoti mbili na chungwa vinatimiza hayo, na hakuna kilichopikwa. Oti nazo zikimwagiwa maji yanayochemka ndani ya chupa iliyopashwa moto asubuhi huiva zenyewe njiani.

Ila tunda likishakatwa, hesabu hubadilika. Ganda lilikuwa kinga yake. Tikiti lililokatwa na saladi ya majani huhesabiwa pamoja na vyakula vinavyotaka baridi.

“Yai la kuchemsha linalindwa na ganda lake”

Kinyume chake. Kuchemsha huondoa utando unaoziba vitundu vya ganda, kwa hiyo yai lililochemshwa huharibika haraka kuliko bichi. Saa mbili nje ya baridi, basi.

“Mayonezi ndiyo huharibu sandwichi”

Ya dukani ina asidi ya kutosha kuwazuia bakteria wengi. Anayeharibika kwanza ni kuku, yai au kiazi kilichochanganywa nayo. Ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi ni suala jingine, usiibebe.

“Ndimu, chumvi na pilipili vitakihifadhi”

Achari na nyama iliyokaushwa kwa chumvi hudumu kwa sababu asidi au chumvi imepenya hadi ndani kwa kipimo kikubwa. Ndimu iliyokamuliwa juu ya kuku huongeza ladha tu.

“Mfuko wa kutunza baridi unatosha”

Mfuko hauzalishi baridi, unaichelewesha tu kutoka. Ugandishe chupa ya maji usiku, bila kuijaza hadi juu kwa sababu barafu hutanuka. Iweke juu ya chakula, kwa kuwa hewa baridi hushuka, na ukiwa na ya pili iweke chini. Kiingize chakula kikiwa kimeshakuwa baridi, uweke mfuko mbali na jua. Mchana tazama chupa: ikiwa bado ina barafu, kula bila wasiwasi. Ikiwa maji yameshapata vuguvugu, kula tunda na karanga, kuku mwache.