Je, wajua kwa nini pambano la treni la 1963 bado linabana pumzi?

Hakuna muziki. Unasikia magurudumu ya treni, kioo kikivunjika na wanaume wawili wakihema. Ni Sean Connery na Robert Shaw wakipigana ndani ya behewa la Orient Express, katika From Russia with Love, filamu iliyofuata Dr. No ya 1962. Kwa nini dakika hizo chache bado zinamkaza mtazamaji misuli?

Siri iko kwenye yale yaliyotangulia ngumi. Filamu inaanza na Grant, muuaji anayeigizwa na Shaw, akimnyonga mtu aliyevalishwa sura ya bandia ya James Bond, jasusi wa Uingereza anayeigizwa na Connery. Bond mwenyewe hatumwoni mpaka ipite robo saa hivi, na kufikia hapo mtego wote tumeshaujua: genge la SPECTRE linamtumia Tatiana, karani wa Kirusi aliyeko Istanbul, kuwa chambo. Bond akishaiba Lektor, mashine ya kufumbua ujumbe wa siri, auawe. Grant anamnyemelea mjini kote bila kutamka neno. Anapofumbua kinywa ndani ya treni, anajifanya jasusi mwenzake wa Uingereza, nasi tunatamani kupiga kelele: huyo ndiye! Mezani anaagiza mvinyo mwekundu na samaki, ilhali kwa desturi samaki huendana na mvinyo mweupe. Bond analiona kosa hilo, ila maana yake anakuja kuielewa mtutu ukiwa umeshamwelekea. Mwongozaji Terence Young alikuwa na subira ambayo naitafuta sana kwenye filamu za leo.

Subira hiyo inaisha Grant anapokufa. Zinafuata helikopta, kisha boti na milipuko baharini, na moyo haudundi tena, kwa sababu hao wanaomkimbiza Bond sasa hatukuwahi kuwaogopa.

Kinachoniuma zaidi ni Tatiana. Anaamini anaitumikia nchi yake, kumbe Rosa Klebb, mkubwa wake, ameshahamia SPECTRE. Yeye ndiye aliyedanganywa kuliko wote, lakini filamu inamtazama kama pambo. Bond anampiga kofi, na hadithi inasonga mbele kana kwamba halikutokea lolote. Hata sauti tunayoisikia si ya Daniela Bianchi aliyemwigiza, ni ya Barbara Jefford. Inabidi tusubiri hadi hotelini Venice, karibu na mwisho, ndipo Tatiana aamue jambo mwenyewe: anaiokota bastola sakafuni na kumpiga Klebb risasi.