Si lazima jike lako la mbwa lizae "hata mara moja"

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara tatu: "Daktari, nataka kumfunga uzazi lakini acha kwanza azae mara moja, si unajua wasipozaa wanaugua." Wa tatu alikuwa mzee mmoja mpole sana hapa Nairobi, amekuja na jike lake la German Shepherd, Tasha, miezi 14, joto (kile kipindi cha kutaka dume) limeisha wiki mbili zilizopita, na nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili. Kwa hivyo naandika hapa, nitakuwa natuma hii kwa kila atakayekuja na hiyo hadithi.

Jike halihitaji kuzaa ndio liwe na afya. Hata mara moja. Halina huzuni ya kukosa watoto, wala halitulizwi na uzazi, ukiona limetulia baada ya kuzaa ni umri tu, shepherd wa miaka 3 si sawa na wa mwaka 1. Kinacholeta hatari ni ule mfuko wa uzazi wenyewe kuendelea kukaa ndani. Kila joto likiisha, awe amepandwa au hajapandwa, homoni ya mimba inakaa juu kama miezi 2, ukuta wa mfuko unanenepa, na bakteria walioingia wakati mlango ulikuwa wazi wanakuta makao mazuri. Halafu naletewa mbwa saa nne usiku, anakunywa maji ovyo, hali chakula, na mfuko wote ni usaha mtupu. Sweden, ambako mbwa wengi wana bima na rekodi zinawekwa vizuri, walikuta karibu jike 1 kati ya 4 wasiofungwa anakuwa ameshapata huo ugonjwa kabla ya kumaliza miaka 10. Sasa najua kuna atakayeniambia zipo tafiti zinazoonyesha aliyewahi kuzaa hatari yake ni ndogo kidogo. Ni kweli zipo. Lakini hiyo ni nafuu kidogo tu, ukimfunga mfuko unatoka na hiyo hatari karibu inaisha kabisa, mbona uchague kupunguza wakati unaweza kuondoa? Na huko kungoja ngoja, joto la kwanza limepita, la pili, la tatu, ndiyo faida ya kumfunga, ya kumkinga na uvimbe wa matiti, inazidi kupotea.

Tena kupandisha kwenyewe huku kwetu kuna hatari yake. Watu wanachukua dume la jirani ambalo hakuna aliyelipima, na baada ya muda jike linatoka damu sehemu za siri, mwenyewe anadhani ni joto limerudi, kumbe ni ule uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Unatibika, lakini ni sindano za kansa kila wiki, wiki baada ya wiki.

Ninachowakubalia ni kuhusu umri, maana shepherd sifungi mdogo. University of California, Davis walichapisha 2016 utafiti wa shepherd peke yao, na waliohasiwa au kufungwa kabla ya mwaka 1 walipata shida za viungo karibu mara 3 kuliko wale walioachwa. Kwa hivyo mimi nangoja avuke mwaka, halafu afungwe katikati ya joto mbili, wakati mwili umetulia. Kungoja mifupa ikomae nakubali, kungoja azae ndio sikubali.

Na hiyo "mara moja" haiishi mara moja jamani. Shepherd anaweza kuzaa wanane bila shida. Mama anakula mara mbili mpaka tatu ya chakula chake wakati ananyonyesha, na si ugali na omena. Watoto wanapewa dawa ya minyoo kila wiki 2, chanjo zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na zinarudiwa mpaka wiki ya 16, parvo (ugonjwa wa virusi wa kuharisha) ikiingia kabla ya hapo unaweza kuwazika wote. Mtu akishaona gharama anawauza wakiwa na wiki 4 au 5, kwa yeyote mwenye M-Pesa. Baada ya mwaka ndio simu zinaanza kunifikia mimi na wenzangu wachache tunaowapokea hawa shepherd, kwa sababu nyumba ya kupanga hairuhusu, au amemuuma mtoto, au miguu ya nyuma haishiki. Ninapouliza, mara nyingi najibiwa alitoka kwa mtu aliyetaka jike lake lizae tu mara moja. Yule mtu hayupo, namba haipatikani. Breeder (mzalishaji wa mbwa) wa maana anaandika kwenye karatasi kwamba mbwa ukishindwa naye anarudi kwake, akiwa na umri wowote, na anampokea kweli. Asipokubali hilo mimi simwiti breeder.

Hizi hadithi zingine naenda haraka.

"Ana karatasi, kwa hivyo ni mzima." Hapana. Cheti cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, kinakuambia wazazi ni akina nani, hakikuambii nyonga zao zikoje. Omba eksirei za nyonga za mama na baba, zilizopigwa wakiwa wamefika miaka 2. Ukiambiwa "hawajawahi kuchechemea", rudi nyumbani na pesa yako.

"Alipandwa na koko, damu imechafuka, hawezi tena kuzaa safi." Hii nimeona jike zuri likitupwa kwa sababu yake. Mbegu ya dume la mwaka jana haibaki. Kinachowezekana ni watoto wa mimba moja kuwa na baba tofauti kama alipandwa na wawili katika joto lile lile, basi.

"Mchukue wiki ya 4 ndio akuzoee." Mnaharibu. Kuuma kwa kiasi anafundishwa na mama na ndugu zake. Wiki ya 8, si chini ya hapo.

"Mfungie banda mchana kutwa awe mkali." Huyo anakuwa mwoga, na mwoga ndiye anayeuma mtoto wako. Wengi ninaowapokea ni hawa, na kuwarekebisha inachukua miezi, wengine hawarudi.

Tasha tumemwandika afungwe miezi 3 baada ya joto kuisha. Mpaka hapo mzee nimemwambia aangalie kiu, hamu ya kula na uchafu wowote unaotoka sehemu za siri, na akiona chochote anipigie usiku huo huo, asingoje asubuhi.