Kete isiyo na mlinzi: pale mchezaji wa sataranji anapokwama

Swali ninaloulizwa zaidi na wachezaji wa ridhaa wa sataranji ni hili: nijifunze ufunguzi gani, yaani mpangilio gani wa hatua za kwanza, ili nipande? Nami huwarudishia swali jingine. Katika michezo kumi ya mwisho uliyofungwa, ni mingapi uliyofungwa kwa sababu ya ufunguzi? Tukikaa na kuihesabu, karibu kila mara tunakuta yale yale: farasi aliachwa bila mlinzi, mnara ulisahaulika pembeni, malkia alikamatwa na tishio lililokuwa wazi kabisa ubaoni. Kwa aliye chini ya pointi 1500 hivi za kupima uwezo wa mchezaji, mshindi mara nyingi si anayejua nadharia nyingi. Ni yule ambaye hakuacha kete ya bure.

Tuanze na mfano. Kwa asiyezoea kuandika hatua: K ni mfalme, Q malkia, R mnara, B askofu, N farasi, askari hana herufi, x ni kula, + ni sheki (mfalme kutishiwa), ? ni kosa, 0-0 ni mfalme na mnara kuhama pamoja, na nukta tatu ni hatua ya Mweusi. Mraba hutajwa kwa herufi ya safu na namba ya mstari, kama e4.

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nd4

Mweusi amerusha farasi katikati na kumwacha askari wa e5 bila mlinzi. Mkono wa Mweupe unawasha: 4.Nxe5? Hapo Mweusi anajibu 4...Qg5, na malkia mmoja anatishia pawili, farasi wa e5 na askari wa g2. Mweupe anadhani ana jibu kali zaidi, 5.Nxf7, kwani farasi sasa anatishia malkia na mnara wa h8 kwa pamoja. Lakini inafuata 5...Qxg2 6.Rf1 Qxe4+ 7.Be2 Nf3, na mfalme amekufa. Askofu wa e2 hawezi kumla farasi kwa sababu amebanwa: akiondoka tu, malkia wa e4 anamwona mfalme.

Wengi wanaukariri mtego huu na kuishia hapo. Mimi nataka uangalie kitu kingine. Askofu alipotoka f1 kwenda c4, askari wa g2 alipoteza mlinzi wake. Farasi alipotoka f3, mraba wa g5 ulifunguka, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiulinda. Kila kete inayosogea inaacha kazi nyuma yake, na mchezaji anayekwama huangalia inakokwenda kete bila kuangalia ilikotoka. Hapa 4.Nxd4 exd4 5.0-0 ingetosha kabisa, Mweupe akiwa na mchezo mzuri.

Kuna chanzo kingine ambacho nakiona sana kwa watu waliotokea kwenye drafti. Kule kula ni lazima, kwa hiyo jicho limezoea kutafuta cha kula, na kikionekana mkono unakwenda. Kwenye sataranji kula ni hiari. Ukishaona cha kula, ndipo hesabu inapoanza: nani atarudishia, kwa kete gani, na baada ya kubadilishana nimebaki na nini? Askari ni 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, mnara 5, malkia 9.

Dawa yake ni ukaguzi mfupi kabla ya kila hatua. Mpinzani akishacheza, jiulize: hatua hii imefungua nini na imeacha nini bila mlinzi? Kisha chagua hatua yako kichwani, usiguse kitu, halafu upitie majibu yake makali kwa mpangilio huu: sheki zote, kula zote, kisha matishio. Nasema zote, hata zile zinazoonekana za kijinga, kwa maana mtu hupatikana kwenye ile aliyoidharau. Mwanzoni ukaguzi huu unachukua sekunde 20 au 30. Baada ya majuma kadhaa unashuka hadi sekunde tano au kumi, kwa sababu jicho linaanza kuziona kete zisizo na mlinzi bila kuitwa.

Ndiyo maana michezo ya dakika 3 haimjengi anayejifunza. Fanya hesabu: sekunde 180 kwa hatua 40 ni sekunde nne na nusu kwa kila hatua. Ukaguzi hauenei humo, na unachojizoeza kila siku ni kucheza bila kukagua. Cheza dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Kwa hatua 40 unapata kama sekunde 32 kwa kila moja. Michezo mitatu au minne ya namna hiyo kwa juma inatosha. Ukimaliza mchezo na dakika 12 bado ziko kwenye saa, ujue hukukagua, hata kama umeshinda.

Mafumbo, yaani nafasi za ubaoni zenye jibu la kutafuta, yana nafasi yake, dakika 20 kwa siku, lakini watu wengi huyafanya vibaya. Wanacheza hatua ya kwanza kwa kubahatisha, programu inawajibu, wanaendelea. Fumbo limalizwe kichwani mpaka hatua ya mwisho ndipo mkono uguse. Chukua seti moja ya mafumbo mepesi kama 100, imalize, kisha uirudie yote tena na tena mpaka kila fumbo unalitambua ndani ya sekunde chache. Kurudia ndiko kunakoingiza umbo machoni. Lakini fumbo lina udhaifu mmoja mkubwa: limekwisha kukuambia kwamba kuna kitu. Katika mchezo hakuna anayekunong'oneza. Kwa hiyo ongeza zoezi hili: fungua mchezo wako wowote kwenye hatua ya 15, na kabla ya kufikiria lolote, taja kete zote zisizo na mlinzi, zako na za mpinzani. Hesabu na zile zenye mlinzi mmoja tu anayelinda vitu viwili, maana huyo akivutwa upande mmoja, upande wa pili unaanguka.

Sasa uchambuzi, kazi ambayo wengi wanaikwepa. Mchezo ukiisha, jaribu la kwanza ni kuwasha injini, programu inayochambua mchezo, na kutazama mshale wake unaoonyesha hatua bora. Usiwashe. Pitia mchezo peke yako kwa nusu saa, uandike pale ulipodhani umeharibu na ulichokuwa ukifikiria wakati ule. Baada ya hapo ndipo ulete injini ya Stockfish, inayopatikana bure ndani ya tovuti ya sataranji ya Lichess. Injini inapima kwa thamani ya askari, kwa hiyo tofauti ya 0.3 au 0.5 achana nayo kabisa. Tafuta mahali namba iliporuka kwa 2 au zaidi. Hapo ndipo mchezo ulipopotea. Katika daftari andika namba ya hatua, muda uliobaki kwenye saa, ulichofikiria, na aina ya kosa kwa neno moja au mawili: kete bure, hesabu fupi, mfalme wazi, saa, mwisho wa mchezo. Muda usiuache. Kosa la hatua ya 18 ukiwa na dakika kumi na kosa la hatua ya 38 ukiwa na sekunde 40 hayatibiwi kwa dawa moja.

Kuhusu ufunguzi nitasema machache: mmoja kwa Mweupe, mmoja dhidi ya 1.e4, mmoja dhidi ya 1.d4. Ujue hatua sita au saba na sababu ya kila moja, basi.

Mwisho wa mchezo unastahili muda zaidi, kwa sababu hapo maarifa madogo yanaokoa nusu pointi nzima. Weka ubaoni: mfalme mweupe e5, askari mweupe e6, mfalme mweusi e7, zamu ya Mweusi. Mfalme ana miraba mitatu tu ya kwenda: d8, e8 na f8. Mmoja tu unaleta sare, na ni kurudi moja kwa moja nyuma, 1...Ke8. Kisha 2.Kd6 Kd8 3.e7+ Ke8, na Mweupe ama anamwacha askari wake aliwe au anacheza 4.Ke6, Mweusi hana pa kwenda wala hayuko kwenye sheki: sare. Jaribu 1...Kd8? na utaona 2.Kd6 Ke8 3.e7 Kf7 4.Kd7, askari anakuwa malkia. Alama ya kushika: askari akifika mstari wa saba kwa sheki, sare, akifika kimyakimya, anashinda. Fanya hivyo kwa pande zote mbili mpaka usihitaji kufikiri. Kisha nenda kwenye minara: anayejilinda, mfalme wake akiwa mbele ya askari wa mpinzani, aweke mnara wake kwenye mstari wa tatu kutoka kwake, na askari akikanyaga mstari huo, mnara uende mbali kabisa upande wa pili na kupiga sheki kutoka nyuma.

Pointi usizitazame kila jioni. Katika mfumo wa Elo, anayekuzidi pointi 200 anatarajiwa kukusanya kama asilimia 76 ya pointi mkikutana, kwa hiyo kufungwa naye mara tatu kati ya nne si kuporomoka. Tazama daftari. Hesabu ni mara ngapi umeandika "kete bure" katika michezo 20 ya kwanza, kisha uhesabu katika 20 iliyofuata. Namba hiyo isiposhuka, punguza mafumbo na urudi kwenye ukaguzi kabla ya hatua.